Mkwaju wa Mbagala na neno "indica"

Ukinywa juisi ya ukwaju pale Tandika sokoni, umeshakutana na Kilatini bila kujua. Jina la kisayansi la mkwaju ni Tamarindus indica. Mwembe je? Mangifera indica. Mwarobaini ni Azadirachta indica. Ufuta ni Sesamum indicum, na ng'ombe mwenye nundu ni Bos indicus.

Neno la pili hapo ni kivumishi kimoja tu, maana yake "wa India". Mbona basi lina mikia mitatu? Mswahili hana haja ya kushangaa. Sisi tunasema mtoto mzuri, kitabu kizuri: kivumishi kinafuata ngeli ya nomino. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha mwanzo wa neno, Kilatini kinabadilisha mwisho. Jinsia zake za kisarufi ni tatu: ya kiume (indicus), ya kike (indica), na isiyo ya kiume wala ya kike (indicum).

Sasa rudi kwenye mkwaju. Tamarindus inaishia na -us kama ya kiume, lakini tunaandika indica. Mimi niliwahi kuandika "Tamarindus indicus" kwenye rasimu ya tasnifu yangu, msimamizi akaizungushia wino mwekundu. Kumbe kwa desturi ya Kilatini majina ya miti ni ya kike, hata yakiwa na mkia wa kiume. Ni kama kiboko wa mtoni: ana ki- mwanzoni, lakini tunasema kiboko mkubwa, kwa sababu ni mnyama. Ukisema kiboko kikubwa, watu watatafuta fimbo.

Hiyo ni sarufi. Maana nayo ina mtego wake. Jirani yangu mmoja Mbagala alitaka kuukata mkwaju wa uani kwake. "Huu mti wa kigeni bwana, jina lenyewe linasema wa India." Kwa mwembe na mwarobaini angekuwa sahihi, asili yao ni Asia. Mkwaju asili yake ni Afrika; India ulifika zamani sana. Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya Hindi, na humo ndimo lilimotoka Tamarindus. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi akaongeza indica. India mara mbili, kwa mti wa Afrika!

Na jina halibadilishwi: kanuni za majina ya mimea haziruhusu kulifuta eti kwa sababu tu halifai. Kwa hiyo ukisoma indica, usiishie kwenye kivumishi, uliza mti wenyewe umetoka wapi. Jirani alinielewa, shoka akalirudisha ndani.