Kufanana Si Kunakili

Swali limerudi tena, safari hii pamoja na picha. Upande wa kushoto zimepangwa Amri Kumi. Upande wa kulia, orodha iitwayo "sheria 42 za Maat". Chini, kwa herufi kubwa, tangazo kwamba Musa alizinakili Misri zikiwa tayari na umri wa miaka elfu mbili. Anayeituma haulizi hasa, anataka kuthibitishiwa: si ndivyo, mwalimu? Sivyo. Kazi yangu ni kusoma na kufundisha maandishi ya kale ya Misri na Mesopotamia, na sijakutana na dai jingine linalopendwa hivi na kuchunguzwa kidogo hivi. Watu wazima wenye shahada zao wanalisambaza bila kuuliza andiko lenyewe liko wapi, ni la lini, na liliandikwa kwa kazi gani.

Tuanze na kazi yake. Kinachoitwa sheria 42 ni sehemu ya Sura ya 125 ya mkusanyiko tunaouita Kitabu cha Wafu. Nakala mashuhuri kuliko zote ni mafunjo ya Ani, karani aliyehesabu sadaka za miungu yapata mwaka 1250 KK. E. A. Wallis Budge aliyapata Misri mwaka 1888, na sasa yako British Museum, London. Humo unamwona Ani na mkewe, Tutu, wakiingia wameinama. Mbele yao kuna mizani: sahani moja ina moyo wa Ani, nyingine ina unyoya wa Maat, mungu wa kike wa kweli na haki. Anubis, mwenye kichwa cha mbweha, amepiga goti akikagua mizani. Thoth, mungu wa uandishi, ameshika kalamu tayari kuandika hukumu. Nyuma yake anasubiri Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko, aumeze moyo utakaoshindwa.

Maneno yale ni ya ukumbi huo. Marehemu anawageukia waamuzi 42, anamwita kila mmoja kwa jina, na mbele ya kila mmoja anakana kosa moja: hakuiba, hakuua, hakusema uongo, hakutega sikio kwenye mambo ya watu, hakupaza sauti kupita kiasi, hakuyaharibu maji. Anayesema ni mtu aliyekwisha kufa, anajitetea, na hamwamrishi yeyote kutenda wala kuacha lolote. Nguvu ya utetezi wake inategemea sana kuyajua majina ya waamuzi hao, kwa kuwa Wamisri waliamini kwamba kulijua jina la mwenye nguvu ni kinga dhidi yake. Na ili moyo usije ukatoboa siri, wenye uwezo walizikwa na hirizi ya jiwe yenye umbo la mbawakawa, iliyowekwa kifuani na kuchorwa maneno ya Sura ya 30, ambayo yanausihi moyo usimshuhudie mwenyewe kwa ubaya. Andiko zima ni kinga ya safari ya ahera, na liliuzwa. Nakala nyingine ziliandikwa mapema, nafasi ya jina ikaachwa wazi, ikajazwa mnunuzi alipopatikana.

Orodha hiyo inatuonyesha Wamisri waliona nini kuwa aibu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kuiita sheria ni kuipa kazi ambayo haikuwa nayo. Anayetaka kuiona sheria ya Misri aende Karnak akasome amri ya Farao Horemheb: afisa anayempora raia mashua ya kusafirishia ushuru wa Farao akatwe pua na kupelekwa ngome ya mpakani, Tjaru. Hapo pana kosa, mkosaji na adhabu. Sura ya 125 haina adhabu ya duniani hata moja, kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya mahakama ya duniani.

Sasa umri. Maat kama wazo ni kongwe kweli. Lipo tangu nyakati za piramidi. Lakini maandishi yaliyochongwa ndani ya piramidi, kuanzia karibu mwaka 2350 KK, hayana orodha hii, wala maandishi ya majenezani yaliyofuata hayanayo. Kitabu cha Wafu kilianza kupata sura yake karibu mwaka 1550 KK, na Sura ya 125 tunaikuta katika nakala za Nasaba ya 18. Anayemweka Musa karne ya 13 KK anapata orodha iliyomtangulia kwa karne mbili hivi, wala si ishirini. Watengenezaji wa picha wamechukua umri wa taifa zima wakaubandika kwenye andiko moja.

Tuweke orodha mbili bega kwa bega, jambo ambalo wasambazaji hawalifanyi. Amri ya kutokuwa na mungu mwingine: haimo, na haiwezi kuwamo, maana andiko zima ni maombi kwa miungu 42 mbele ya Osiris, mungu wa wafu. Kutotengeneza sanamu: haimo. Sabato: haimo, na Wamisri waligawa mwezi kwa siku kumikumi, si saba. Kuwaheshimu baba na mama: haimo katika orodha ya Ani. Yanayobaki ni kumtukana mungu, kuua, kuzini, kuiba, uongo na uroho wa mali. Hayo yanafanana, nakubali. Lakini nionyeshe jamii iliyodumu vizazi vitatu ikiruhusu watu kuuana, kuibiana na kunyang'anyana wake. Makatazo hayo yako kila mahali kwa sababu bila hayo hakuna kijiji, achilia mbali dola. Ikiwa kufanana kwa namna hiyo ni ushahidi wa kunakili, basi kila kabila la dunia limemnakili kila kabila.

Hapa watetezi hukimbilia Matendo ya Mitume 7:22, kwamba Musa alielimishwa katika elimu ya Wamisri. Sawa. Mtu aliyesoma anaweza kuazima, lakini uwezo wa kuazima si ushahidi wa kuazima kitu fulani. Ushahidi uko kwenye jambo lisilo la lazima: mfano wa pekee, hesabu ya ajabu, mpangilio ambao watu wawili wasingeufikia kila mmoja kivyake. Huo ndio msumari wa hoja yangu yote, na kwa bahati nzuri mifano halisi ipo. Inanikera kwamba picha ya uongo imeifunika.

Mwaka 1945 na 1947, huko Tell Harmal karibu na Baghdad, vilipatikana vibao vya udongo vyenye sheria za mji wa Eshnunna, za mwanzoni mwa karne ya 18 KK. Kipo kifungu kinachosema kwamba ng'ombe akimpiga pembe ng'ombe wa mtu mwingine na kumuua, wenye mali wagawane bei ya aliye hai na mzoga wa aliyekufa. Fungua Kutoka 21:35. Suluhisho ni lilelile, kwa tukio lilelile. Kuna njia nyingi za kumaliza ugomvi wa ng'ombe: kulipa ng'ombe kwa ng'ombe, kumkabidhi aliyeua, kuita wazee wapange fidia. Kugawana bei ya mmoja na mzoga wa mwingine si jambo la kulazimika. Hapo ndipo mtaalamu anaposimama na kusema: hawa wamekunywa kisima kimoja.

Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala mwaka 1792 hadi 1750 KK, nazo zinamjua ng'ombe huyo. Zimechongwa kwenye nguzo ya jiwe jeusi yenye urefu wa zaidi ya mita 2, iliyopatikana Susa, Iran, mwaka 1901 na 1902. Leo iko Louvre, Paris. Ng'ombe akijulikana kuwa na tabia ya kupiga pembe, mwenyewe akaonywa, asimfunge wala asizizibe pembe zake, kisha akamuua mtu huru, mwenye ng'ombe alipe nusu mane (kipimo cha uzito) ya fedha. Kutoka 21:29-30 inafuata hatua zilezile: tabia iliyojulikana, onyo, uzembe, kifo. Ila hukumu imebadilika. Ng'ombe apigwe mawe, na mwenyewe anastahili kufa, ingawa anaweza kukubaliwa kujikomboa kwa malipo. Aliyeazima hakuandika kama karani anayenakili, alikuwa akibishana.

Na Misri? Misri inadai deni lake la kweli, na ni zuri kuliko la kubuni. Mafundisho ya Amenemope yalichapishwa na huyohuyo Budge mwaka 1923, na mwaka uliofuata Adolf Erman akaonyesha jinsi yanavyoshabihiana na Mithali 22:17 hadi 23:11. Yote mawili yanakataza kumnyang'anya maskini, kusogeza jiwe la mpaka, na kufanya urafiki na mtu wa hasira. Yote mawili yanasema mali huota mbawa na kuruka: kwa Mmisri kama mabata bukini, kwa Mwebrania kama tai. Mbawa za mali si jambo la lazima. Anayetaka kujivunia mchango wa Misri katika maadili ya dunia aanzie hapo, asimame imara, wala hatahitaji kutia chumvi.

Neno "kuiba", ambalo wengine hulitumia badala ya kunakili, nalo liachwe. Watu wa Pwani wanamjua Abunuwasi, mjanja wa hadithi. Abu Nuwas halisi alikuwa mshairi wa Baghdad enzi za Harun al-Rashid. Jina lilivuka bahari, likavikwa vituko vya huku, na hakuna anayewaita bibi zetu wezi. Hadithi na hukumu za kale zilisafiri vivyo hivyo. Kipande cha utenzi wa Gilgamesh, wa Mesopotamia, kimepatikana Megiddo, katika Kanaani, kwa hiyo makarani wa huko waliusoma. Baadaye Wayahudi wakaishi uhamishoni Babeli, baada ya mwaka 586 KK. Wataalamu bado wanabishana juu ya njia ipi ilipitisha kipi.

Kwa anayetaka kupima dai mwenyewe, haya ndiyo ya kufanya. Omba jina la andiko na mahali lilipo. Asiyekupa, funga mazungumzo. Tofautisha mwaka wa nakala na mwaka wa wazo. Uliza nani anasema, kwa nani, na kwa kazi gani: sheria, utenzi, mafundisho ya baba kwa mwana, au maombi ya kaburini. Puuza yaliyo ya kila jamii. Tafuta ya pekee. Kwa gharika, kwa mfano, usihangaike na maji, maana kila penye mto pana mafuriko. Tazama ndege waliotumwa kutoka safinani, kwa Utnapishtim wa utenzi wa Gilgamesh njiwa, mbayuwayu na kunguru, kwa Nuhu kunguru na njiwa. Uliza njia ya kupitia. Kumbuka uwezekano si mmoja: kuazima moja kwa moja, chanzo cha pamoja kilichopotea, au shida ileile kuzaa jibu lilelile. Wala usimtake mwanahistoria akuamulie kama Mungu alinena; vibao vya udongo haviwezi kujibu swali hilo, kwa kukubali wala kwa kukana.

Mwisho, ukishathibitisha kufanana, soma tofauti. Babeli, mtumwa aliyeuawa na ng'ombe alithaminiwa theluthi ya mane, yaani shekeli 20. Katika Kutoka, shekeli 30, na ng'ombe apigwe mawe vilevile. Bei imepanda, damu ya mtumwa imeanza kudai kitu zaidi ya fedha, lakini mtumwa bado ana bei. Huko ndiko dhamiri ya watu wale inakoonekana, ilikofika na ilikokwama, na hicho ndicho kinachostahili mjadala wetu.