Presha ya mzee haingoji nauli ya mjini

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Miaka kumi kabla walikuwa 4,364,541. Watu hao milioni moja walioongezeka wametafuta pa kujenga pembezoni, na wengine wamevuka mpaka wa mkoa hadi Kisarawe, Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo. Huko wamewakuta wazee. Mzee aliyekuwa na shamba la mihogo na mikorosho leo amezungukwa na kuta za matofali, shamba limekatwa viwanja, naye amebaki na nyumba na minazi miwili mitatu.

Wengi hudhani mzee huyu ana bahati kuliko mwenzake wa kijiji cha ndani, kwa kuwa hospitali kubwa za jiji haziko mbali naye. Mimi ninayewapokea wazee hawa kliniki naona tofauti. Ukaribu huo huwachanganya. Zahanati ya kijijini wanaidharau, "pale hakuna kitu, daktari", na hospitali kubwa hawaimudu kila mwezi. Matokeo yake wanatibiwa mara moja kwa mwaka ugonjwa unaotaka kufuatiliwa kila mwezi.

Chukua presha. Mjukuu anaacha kazi siku moja, anamleta babu mjini. Presha inapimwa, iko juu, anapewa vidonge vya mwezi mmoja. Babu anameza, anajisikia vizuri, vidonge vinaisha. Tarehe ya kurudi inafika, lakini kuna bodaboda mpaka barabarani, daladala mbili, kisha kurudi, na yote hayo ni kwa watu wawili kwa sababu babu hawezi kwenda peke yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wana msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya serikali. Ila msamaha haulipi nauli, wala haumlipi mjukuu kibarua alichokosa siku hiyo. Babu anaamua kusubiri mpaka atakapoumwa.

Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110, akacheza bao jioni, akalala vizuri. Dawa ya presha haiponyi, inashikilia tu. Ukiiacha, presha inarudi ilikokuwa, na kazi ya kuharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo inaendelea kimyakimya.

Kwa hiyo nawaambia wagonjwa wangu wa pembezoni: uchunguzi wa kwanza tufanye huku, ukishatulia omba barua ya kuendelea na kituo cha karibu. Kupima presha kunahitaji mashine ndogo na mtu aliyefundishwa, si jengo la ghorofa. Mzee akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, bila kuongea. Siyo ateremke kwenye bodaboda na kufungwa mashine hapo hapo. Malalamiko kwamba zahanati mara nyingi haina dawa za presha na kisukari nayasikia, na ni ya haki. Tumezoea kwamba dawa ya malaria lazima iwepo zahanati. Kwa maoni yangu ya presha nayo ingestahili kuhesabiwa hivyo hivyo, maana wenye kuihitaji ndio majirani wa kila siku wa kituo hicho.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui liko kwenye duka la dawa. Mji unapofika, maduka haya hufika mapema kuliko kituo cha afya. Mzee ana magoti, na magoti yanauma kweli, tofauti na presha. Anamtuma mtoto kununua diklofenaki, anapata nafuu, kesho anamtuma tena. Nimeona wazee walioitumia kila siku kwa miezi. Diklofenaki na ndugu yake ibuprofeni hupandisha presha, huchubua tumbo mpaka kutoa damu, na huumiza figo, hasa mzee akiwa anameza pia losartani au dawa ya kukojoza. Mimi huuliza kuhusu magoti kabla ya kuongeza kidonge kingine cha presha. Parasetamoli kwa kipimo sahihi, dawa ya kuchua, fimbo nzuri na mazoezi ya kunyoosha mguu ukiwa umekaa kitini ni salama zaidi kwa wengi wao. Choo cha shimo cha kuchuchumaa nacho kinawatesa. Ukijenga nyumba ya mama, mwekee cha kukaa au angalau kitu cha kushikilia.

Mtoto uliye mjini unayetuma hela ya matumizi, ulizia na vidonge: vimebaki vingapi? Ukienda Jumapili, mwambie mama akuletee dawa zote anazotumia, za hospitali, za dukani na za miti shamba, uzitie kwenye mfuko mmoja uende nao kliniki. Mfuko huo hunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Siku moja tu ukaribu wa jiji una thamani kubwa, nayo ni siku ya kiharusi. Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea ghafla au maneno yakavurugika, usiseme ni upepo mbaya, na usimpe maji, chakula wala kidonge cha presha, anaweza kupaliwa. Angalia saa, ukumbuke dalili zilianza lini. Mlaze kwa ubavu kama hana fahamu, tafuta gari, mpeleke moja kwa moja hospitali kubwa, hata kama ni usiku na hata kama dalili zimeanza kupungua njiani.