Motere inagonga? Kabla ya kuifungua, uliza inagonga saa gani

Kunako mji wa Butembo, kamio moja ya zamani inayobeba mbao toka pande za Mambasa ilikuwa na makelele kwenye motere kwa muda wa wiki tatu. Ko-ko-ko, kama mtu anayegonga mlango wa chuma kwa nyundo ndogo. Mwenye gari, mama anayefanya biashara ya mbao, alipita kwenye garaji mbili. Ya kwanza ilisema ni pistoni. Ya pili ilisema ni biele, na kwamba inafaa motere itolewe yote, ifunguliwe, na vilbreke ipelekwe kusuguliwa. Hesabu aliyoandikiwa ilipita faida ya safari nyingi. Na gari ikilala garaji, deni halilali.

Mwishowe hakuna hata biele moja iliyoguswa. Kilichokuwa kinagonga hakikuwa ndani ya motere.

Juu ya nini mafundi wawili wenye uzoefu walikosea? Sababu ya kwanza ni chuma chenyewe. Hewani sauti inapita karibu mita 340 kwa sekunde moja, lakini ndani ya chuma inapita karibu mita 5.000. Kitu kidogo kikigonga upande mmoja, bloku yote inalia kama kengele, na mtu aliyesimama mbele ya kapo hawezi kujua kwa masikio tu mlio umetoka fasi gani. Tena motere haizunguki peke yake. Inavuta pompe ya maji, alternatere, pompe ya mazutu, na kwenye kamio zenye freni za hewa, inavuta kompresere. Ukikanyaga akseleratere, vyote vinaongeza mwendo pamoja. Kwa hiyo mtu akisema « inalia kufwatana na motere », bado hajasema kitu.

Fundi wa tatu, mzee anayefanyia kazi chini ya mti wa avoka, hakushika kle. Alimuita shofere, akamkalisha.

« Inalia saa gani? »

« Asubuhi, papa, nikiwasha tu. Kisha dakika kidogo inanyamaza. »

« Na kwa mupando? »

« Kwa mupando haina shida, hata na mizigo yote. Ni kwa mutelemuko ndiyo inaanza tena. »

« Biele mubovu haingojake mutelemuko, mwana wangu. Inalia kwa mupando, fasi motere inateseka. »

Mambo hayo shofere alikuwa anayajua tangu mwanzo. Hakuna aliyemuuliza. Kwenye garaji nyingi anayesemeshwa ni mwenye pesa, na shofere anatumwa kutafuta maji ya radiatere.

Jibu la asubuhi ndilo lilidanganya garaji ya kwanza. Motere ikiwa baridi, pistoni iliyochakaa inacheza kidogo ndani ya silinda na kugonga ukuta wake. Ikipata moto inapanuka, makelele yanapungua. Kwa hiyo mlio wa asubuhi unaonyamaza baadaye, mafundi wengi wanauita pistoni bila kufikiri mara mbili. Lakini pistoni ikiisha kupata moto hairudii kulia saa sita mchana, katikati ya mutelemuko. Hapo lile wazo la kwanza lilikufa.

La biele lilihitaji kazi zaidi kidogo. Mzee alianza na mafuta. Biele inagonga wakati kusine zake, yale mabati laini yanayozunguka vilbreke, zimekwisha kuliwa. Zikiliwa, mafuta yanapata njia ya kutoroka, na presha yake inaanguka motere ikiwa na moto, zaidi sana kwa ralanti. Kwenye kamio hii presha ilisimama fasi yake. Akamwaga mafuta kidogo kwenye sahani nyeupe na kuyaangalia juani: hakuna vumbi la chuma linalong'aa.

Kisha akafanya jaribio ambalo kila fundi wa mazutu anapaswa kulijua. Motere ikiwa ralanti, alifungua kidogo ekru ya bomba linalopeleka mazutu kwa enjektere ya kwanza, akiwa ameizungusha kitambaa. Silinda ile ikakosa mazutu, ikaacha kuwaka, motere ikaanza kutetemeka. Akaifunga, akaenda kwa ya pili, mpaka ya sita. Maana yake ni hii: silinda yenye biele mbovu ikikosa moto, haisukumwi tena kwa nguvu, na mlio unapungua ao unageuka. Hata enjektere inayomwaga mazutu vibaya inajulikana hivyo hivyo. Nayo inaweza kugonga kama nyundo na kumtia mtu hofu ya bure. Hapa silinda zote sita zilikatwa moja moja na ko-ko-ko haikugeuka hata kidogo.

Jaribio hilo ni la motere za zamani peke yake, zile zenye pompe ya mazutu isiyo na umeme. Kwenye kamio mpya zinazoongozwa na kompyuta, mazutu inasukumwa kwa nguvu inayopita bari 1.000, na mtu akifungua bomba motere ikizunguka, mazutu inaweza kutoboa ngozi ya mkono kama sindano. Hata kwenye zile za zamani, kidole kisikaribie.

Basi, kuna nini kwenye mutelemuko ambacho hakuna kwenye mupando? Freni. Hiyo ndiyo hatua mafundi wa kwanza waliruka.

Kompresere ya hewa ni kama motere ndogo: ina pistoni yake, biele yake na kusine zake. Inajaza hewa kwenye matangi. Hewa ikifika kipimo, mara nyingi bari 7 ao 8 kwenye gari za zamani, regilatere inaachia, inasikika pshhh, na kuanzia hapo kompresere inazunguka bila kusukuma kitu. Shofere akikanyaga freni mara nyingi, hewa inapungua, na kompresere inarudi kazini. Kisha soma tena maneno ya shofere. Asubuhi matangi ni matupu: kompresere inafanya kazi, inalia. Yakijaa, inanyamaza. Kwa mupando hakuna anayekanyaga freni. Kwa mutelemuko, toka Butembo kuelekea Beni kwa mfano, mguu unarudi kwenye freni kila mara.

Mzee alimuweka konvoyere ndani ya kabine, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe. « Kanyaga, kanyaga, kanyaga. » Mshale wa hewa ukashuka, na ko-ko-ko ikarudi, motere ikiwa ralanti. Wakangoja. Pshhh. Kimya. Walirudia mara tatu, na watoto waliokuwa wanaangalia wakaanza kuhesabu kwa sauti. Kwa kumaliza, mzee alizima motere, akatoa mkanda unaovuta kompresere, akawasha tena. Matangi yakabaki matupu na motere ikazunguka bila mlio wowote. Kwenye kamio zingine kompresere inavutwa na pinyo badala ya mkanda. Hapo kuna kutumia turnevisi ndefu tu, ncha yake kwenye chuma na mpini kwenye mfupa ulio karibu na sikio, ukiangalia isikaribie kinachozunguka.

Kompresere ilipofunguliwa, kusine ya biele yake ndogo ilikuwa imeliwa. Wengi wangeishia hapo: nunua ingine ya okazio, funga, enda. Mzee akauliza juu ya nini imeliwa. Kompresere ile haina mafuta yake yenyewe, inapewa na motere kupitia kabomba kembamba. Ndani ya kabomba kulikuwa mafuta meusi yaliyoganda pamoja na vipande vya silikone, ile gundi inayowekwa fasi ya juenti mtu akikosa juenti ya kweli. Kipande kidogo kinang'oka, kinasafiri na mafuta, kinaziba njia. Kompresere mpya kwenye kabomba kale ingekufa vilevile.

Mama mwenye gari, aliposikia ni kompresere tu, alicheka kwa furaha. Mzee hakucheka. Biele ya motere ikivunjika, gari inasimama. Kompresere ikivunjika katikati ya mutelemuko, gari iliyojaa mbao inabaki na hewa iliyo ndani ya matangi peke yake, na kila kukanyaga freni kunaila. Wiki tatu nzima kamio hiyo ilikuwa inateremka namna hiyo huku watu wakibishana juu ya pistoni. Na kama motere ingetolewa na kufunguliwa, kompresere ileile ingerudishwa fasi yake, na mlio pamoja nayo.

Kuna vitu vingine vinavyoigiza biele: puli iliyolegea, mguu wa motere uliovunjika, bulo za volani zisizokazwa, ao bomba la moshi linalovuja karibu na kilasi na kufanya tik-tik kama supape. Kwa supape zenyewe kuna alama moja nzuri: zinafunguka mara moja kila vilbreke inapozunguka mara mbili, ndiyo sababu mlio wake ni mwepesi tena wa polepole kuliko mwendo wa motere. Kuzirekebisha hakuombi kutoa motere, ni kazi ya kifuniko cha juu.

Kompresere ilifungwa kusine mpya, kabomba kakabadilishwa, na matangi yakamwagwa maji na mafuta yaliyokuwa yamejikusanya chini. Kamio imerudi kwenye njia ya Mambasa. Makelele yaliyobaki ni ya mlango wa kushoto, na huo shofere anaufunga kwa kamba.