Je, Wajua? Panya wa Kompyuta Kuukuu

Mfaransa Olivier Fourdan alianza kuunda Xfce mwaka 1996. Ni eneokazi la Linux na mifumo mingine huria: paneli, menyu na madirisha, nembo yake panya. Mwaka 2011, eneokazi jingine, GNOME 3, lilipobadilisha kila kitu, Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliudhika akahamia Xfce (baadaye alirudi, lakini hilo halisemwi sana). Xfce haina pupa: toleo 4.12 lilitoka 2015, 4.14 likangoja hadi 2019. Wengine huita huo uzembe. Kwa anayetaka kuikuta menyu ilipokuwa jana, ndiyo sifa yenyewe. Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 2 huimudu Xfce bila kuhema. Kitakachoielemea ni kivinjari: fungua tabo kumi uone.