Je, Wajua? Madaraja ya TAZARA ni urithi wetu

Reli haijafika Suma wala Tukuyu, kwa Wanyakyusa. Mnyakyusa anayetaka treni hupandia Mbeya. Lakini akielekea Dar es Salaam, baada ya Makambako anapita juu ya historia bila kuonyeshwa. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina kilomita 1,860 na madaraja yapatayo 320, na kipande cha Makambako hadi Mlimba, kilomita 157 tu, kina madaraja 46 na mahandaki 18. Hapo ndipo nyanda za juu zinaporomokea bonde la Kilombero. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu za zege, kila moja yapata mita 50 kwenda juu, katikati ya msitu na miteremko mikali.

Wapo watakaosema kitu cha 1975 hakiwezi kuitwa cha kale, tena bado kinafanya kazi. Hoja ya umri ina uzito: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza vingine. Na kutumika hakupunguzi thamani. Daraja la Forth la Scotland liliingia Urithi wa Dunia mwaka 2015 huku treni zikipita. Daraja la Mungu, pale Kiwira, lilijengwa na volkano, nasi tunalienzi. La Mpanga lilijengwa na Watanzania pamoja na Wachina, ili shaba ya Zambia ikwepe Rhodesia ya walowezi. Litangazwe.