Pesa ziko kwenye simu, taslimu iko ng'ambo ya maji



Kusi iliyopita halati yangu, ambaye anaishi kijiji kimoja katika kisiwa cha Pate, alitakiwa ampeleke mjukuu wake hospitali Lamu mjini. Wanawe walioko Mombasa wakachangishana, na kabla ya adhuhuri simu yake ikalia: shilingi 9,000 zimeingia. Boti lilikuwa liondoke saa nane, maana maji yakishakupwa mfereji wa Mkanda haupitiki.

Akaenda duka la kwanza. "Mama, taslimu sina, labda jioni." Duka la pili likaweza kumpa elfu moja tu. La tatu lilikuwa limefungwa, mwenyewe ameenda Lamu kutafuta pesa za kuwalipa watu. Saa nane ikafika, boti likaondoka, naye amesimama gatini na maelfu kwenye simu. Mtoto alisafirishwa kesho yake kwa pesa za kukopa kwa jirani. Alhamdulillah amepona, lakini usiku ule halati hakulala.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu kila tukizungumzia huduma za benki vijijini tunaambiwa kazi imekwisha. Takwimu ni nzuri kweli. Utafiti wa FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu, shirika la takwimu KNBS na FSD Kenya, ulionyesha kuwa mwaka 2006 watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za kifedha nchini walikuwa asilimia 26.7. Mwaka 2024 walifika asilimia 84.8. Halati amehesabiwa humo, maana laini anayo, na akaunti anayo. Kilichomkwamisha siku ile ni kitu kingine, na ndicho nataka tukifahamu leo.

Benki ilivyohamia dukani

Benki si mgeni Pwani. National Bank of India ilifungua milango Mombasa mwaka 1896, na Standard Bank ikafuata Treasury Square mwaka 1911. Lakini tawi ni ghali: jengo, wafanyakazi, walinzi, gari la kubebea pesa. Ndiyo sababu matawi yalibaki mijini kwa miaka zaidi ya mia, na mtu wa Kiunga au Kipini akilazimika kusafiri.

Mambo yalibadilika mara mbili. Machi 2007 M-Pesa ilianza. Kisha mwaka 2010 Benki Kuu ikaruhusu benki kutumia mawakala, yaani mwenye duka la unga na sukari akaweza kupokea na kutoa pesa kwa niaba ya benki. Mwongozo ule uliweka mipaka. Wakala hafungui akaunti mwenyewe, anakusanya fomu na nakala za kitambulisho tu. Hatoi mikopo kwa jina la benki. Haruhusiwi kumtoza mteja ada yake mwenyewe juu ya ile ya benki. Na benki haiwezi kumfunga asifanye kazi na benki nyingine. Ukiambiwa dukani "ongeza hamsini ya kutoa", jua hiyo haimo katika sheria.

Mifuko miwili ya wakala

Wakala ana mifuko miwili. Mmoja uko kwenye simu, ndio tunaouita floti. Wa pili uko kwenye saraka, nao ni pesa taslimu. Ukiweka pesa, saraka inajaa na floti inapungua. Ukitoa, floti inajaa na saraka inapungua.

Tuseme wakala ana mtaji wa shilingi 100,000. Ameweka 60,000 kwenye saraka na 40,000 kwenye simu. Wakija watu kumi, kila mmoja akitoa 6,000, saraka imekwisha. Mtaji wake wote upo, hajapoteza hata senti, ila wa kumi na moja hawezi kumhudumia. Huyo wa kumi na moja ndiye halati.

Mjini mambo haya hujirekebisha yenyewe. Huyu anatoa, yule mwenye hoteli anakuja jioni kuweka mauzo yake, na benki iko mtaa wa pili. Kisiwani pesa zinakwenda upande mmoja. Mishahara ya walimu inaingia kwa simu. Watoto walioko Mombasa na Uarabuni wanatuma kwa simu. Wazee wa Inua Jamii wanapata shilingi 2,000 zao za kila mwezi. Wote wanataka kutoa, tena wiki ile ile. Taslimu ikishatoka inapanda boti kwenda kununua mchele na mafuta kwa jumla, na hairudi.

Kaskazi kuna afueni, kwa sababu bahari imetulia, samaki wako, na wanunuzi wanakuja na pesa mkononi. Kusi ikivuma vyombo vinakaa pwani, saraka zinakauka, na hapo ndipo nyumba nyingi zinategemea pesa za kutumiwa. Kwa hiyo huduma inapungua katika msimu ule ule ambao watu wanaihitaji zaidi. Wakala naye akitaka kujaza saraka hulipa nauli, hufunga duka siku nzima, na hurudi baharini na pesa za watu ndani ya mfuko wa plastiki. Kamisheni yake haitofautiani na ya mwenzake aliyekaa karibu na benki.

Maskini analipa zaidi

Kuna jambo la pili, nalo ni bei. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyowekwa mwaka 2023, kutoa shilingi 2,500 kwa wakala ni shilingi 29. Kutoa shilingi 200 pia ni shilingi 29. Wa kwanza amelipa kidogo zaidi ya shilingi moja kwa kila mia. Wa pili amelipa shilingi kumi na nne na nusu kwa kila mia. Sasa wakala akikosa taslimu akakuambia toa kidogo leo na kidogo kesho, ujue unalipishwa kila mara unapotoa.

Na riba je?

Wengi wetu wana sababu ya tatu ya kukaa mbali na benki, nayo ni dini. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Iliitwa ada, lakini masheikh wengi hawaoni tofauti yake na riba. Benki za Kiislamu ziliingia nchini mwaka 2008, Gulf African na First Community zikitangulia, na benki kadhaa za kawaida zina dirisha la Kiislamu. Humo unaweza kuweka amana bila riba, au ukanunuliwa mashine ya boti kwa murabaha: benki inanunua, inakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, nawe unalipa kidogo kidogo. Shida ni kuwa huduma hizi nyingi zinamngojea mteja mjini. Mvuvi wa Kizingitini hazioni dukani kwake.

Kwa hiyo akina mama wanabaki na mchezo na kisanduku cha chama. Ni jambo jema, nami mamangu alinisomesha kwa mchezo. Lakini kisanduku kikiibiwa kimekwenda. Pesa zilizo benki zina bima ya KDIC hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye akaunti, endapo benki itaanguka. Bima hii haihusu chama wala sacco, na ni vyema watu wetu walijue hilo.

Tufanyeje?

Kwanza, benki na kampuni za simu zimtazame wakala wa kisiwani tofauti na wa mjini. Kamisheni yake iongezwe kidogo kufidia nauli, na apewe floti ya kuzungushia wiki za mishahara. Benki za Kiislamu zinaweza kuitoa kama qardh hasan, bila nyongeza.

Pili, serikali isilipe watu wote siku moja. Inua Jamii ikitolewa kwa zamu, kijiji baada ya kijiji, saraka ile ile itawahudumia wengi zaidi.

Tatu, sisi wenyewe tupunguze kutoa. Mwenye duka, mwenye boti na mnunuzi wa samaki wakikubali kulipwa kwa simu, taslimu iliyopo itabaki kwa mwenye dharura. Lau nahodha wa siku ile angepokea nauli kwa simu, halati angesafiri.

Nne, maduka ya kijiji yapeane habari. Watatu wakikubaliana mmoja aende Lamu kwa niaba ya wote kila wiki, gharama inagawanyika na hakuna siku maduka yote yatakuwa matupu.

Nilipompigia halati juzi nikamuuliza sasa anafanyaje. Akaniambia huweka shilingi elfu tatu ndani ya kopo la maziwa, chini ya mchele, na hazigusi mpaka mtu augue. Ana akaunti, ana simu, na benki anayoiamini ni kopo. Sikuweza kumlaumu.