Kompyuta ndogo, skrini mbili: Usihesabu matundu pekee

KOMPYUTA ndogo za mezani, zile zinazotoshea kwenye kiganja, zimeingia katika studio nyingi za wapiga video wa harusi. Hazichukui nafasi, hazipigi kelele na hazitafuni umeme.

Tatizo huanza pale mwenye studio anapotaka skrini mbili za kuhariria na diski tatu za nje za kuhifadhia kazi za wateja. Katika studio nilizotembelea malalamiko ni yale yale: skrini moja haiwaki, au diski inajiondoa yenyewe wakati wa kunakili.

Jambo hili si dogo. Harusi hairudiwi, na mteja aliyelipa hatakubali kuambiwa kuwa diski imegoma.

Nianze na skrini. Idadi ya skrini haiamuliwi na wingi wa matundu bali na chipu inayochora picha. Mac mini yenye chipu ya M1, iliyotoka mwaka 2020, ni mfano mzuri. Inakubali skrini mbili tu: moja kupitia tundu la HDMI na nyingine kupitia tundu la Thunderbolt.

Wengine hukimbilia kununua kigawio cha HDMI. Kifaa hicho hutoa picha ile ile kwenye skrini zote mbili, hakikuongezei nafasi ya kazi.

Angalia pia waya. Skrini ya 4K inahitaji HDMI 2.0 ili ionyeshe picha 60 kwa sekunde. Kompyuta yenye HDMI 1.4 huishia picha 30, nawe utaona mshale wa kipanya ukijivuta. Na si kila tundu la USB-C hupitisha picha, ingawa yote yana umbo moja. Soma kijitabu kabla ya kulipa.

Sasa tuje kwenye diski, ambako ndiko hasara iliko. Kwa kipimo cha kawaida, tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 na la USB 3.0 hutoa 900. Diski ndogo ya kuzunguka huhitaji sehemu kubwa ya umeme huo, hasa inapoanza kuwaka.

Ukichomeka diski tatu kwenye kigawio cha USB kisicho na adapta yake, zote zinagombea chakula cha mtu mmoja. Utasikia diski ikigonga, kisha itatoweka kwenye skrini, na faili lililokuwa likiandikwa huweza kuharibika.

Dawa yake ni kigawio chenye adapta yake ya umeme. Diski kubwa za inchi 3.5 huja na adapta zake, hivyo hazitegemei kompyuta.

Usisahau kasi. USB 2.0 hupitisha megabiti 480 kwa sekunde. Video za gigabaiti 60 haziwezi kuisha kabla ya dakika 16, na kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo tundu la kasi liachie diski. Kibodi na kipanya havina haraka.

Halafu kuna umeme unaokatika. Nimeona kompyuta imeunganishwa kwenye UPS huku adapta ya diski ikiwa ukutani. Umeme ukizimika, kompyuta inabaki hai lakini diski inakufa katikati ya kazi. Kigawio, diski na angalau skrini moja viwe kwenye UPS hiyo hiyo, na kabla ya kuchomoa diski, iamuru kompyuta iiachie kwanza.

Kama fedha ni kidogo, ushauri wangu ni huu: nunua kwanza kigawio chenye adapta na diski ya nakala itakayokaa nje ya studio. Skrini ya pili inaweza kusubiri mwezi ujao. Harusi ya mteja haiwezi.